Kutoka kwa Bwana Shamba: Bei ya Fundi wa Pampu

Mwezi huu sitasema habari za mihogo wala za pamba. Nitasema habari za pampu ya maji. Mimi si fundi wa pampu. Nilisomea kilimo nikapata cheti, na kazi yangu ni mashamba. Lakini kiangazi kilichopita watu wa kisima kimoja hapa Morotonga waliniita niwaamulie ugomvi wao na fundi. Nilikwenda. Yale niliyoyaona huko yanaweza kukufaa wewe pia.

Nilikuta watu kama thelathini wamekaa chini ya mti. Fundi, kijana wa hapa hapa, alikuwa amekaa peke yake juu ya jiwe. Pampu ilikuwa imekwisha kutengenezwa, lakini mpini wake ulikuwa umefungwa kwa mnyororo na kufuli. Fundi alisema hafungui mpaka alipwe. Vijana nao walikuwa wamechukua baiskeli yake na spana zake. Walisema hawarudishi mpaka afungue. Mambo yalikuwa hivyo kwa siku tisa. Kwa siku tisa akina mama walichota maji mtoni, mahali ng'ombe wanaponywea. Mtoto mmoja alikuwa amelazwa kwa ajili ya kuhara.

Fundi alidai shilingi 190,000. Sanduku la kamati ya maji lilikuwa na shilingi 112,000 tu. Mzee mmoja akasimama akasema, "Bwana shamba, huyu kijana wetu anatuibia. Mwaka jana tulitengenezewa kwa shilingi 45,000."

Maneno hayo yalinichoma. Mwaka jana mimi nilikuwapo. Fundi yule wa shilingi 45,000 nilimsifu mwenyewe mbele ya mkutano. Nilisema ni fundi mwenye huruma.

Sasa, huwezi kupima bei ya kazi kama hujui kazi yenyewe. Basi tulimwomba fundi atueleze pampu ile inavyofanya kazi. Ni pampu ya mkono ya aina ya Afridev. Pampu hii ilibuniwa miaka ya 1980, na kazi hiyo ilifanyika hasa Malawi na Kenya. Shabaha ilikuwa kupata pampu ambayo wanakijiji wanaweza kuitengeneza wenyewe. Sehemu kubwa ya pampu hufunguliwa kwa spana moja.

Chini kisimani, ndani ya maji, kuna silinda. Ndani ya silinda kuna pistoni. Pistoni imevikwa mpira mdogo wenye umbo la kikombe. Ukishusha mpini, pistoni inapanda na kuvuta maji juu. Chini ya pistoni kuna vali. Vali huzuia maji yasirudi kisimani. Huku juu, kwenye mpini, kuna bushi za plastiki. Bushi huushika mpini ili usicheze.

Kwa hiyo ugonjwa wa pampu una dalili zake, kama ugonjwa wa mmea. Mpini ukicheza huku na huku, bushi zimelika. Kama asubuhi unapiga mpini sana kabla maji hayajatoka, kisha yanatoka vizuri, mara nyingi vali ya chini inavuja usiku. Kama maji ni machache mchana kutwa, mpira wa pistoni umeisha, au bomba lina tundu. Na pengine pampu ni nzima kabisa, ila maji ya kisima yamepungua kwa kiangazi. Hapo hata ukinunua vipuri vya dhahabu hutapata maji. Mtu anayezijua dalili hizi hadanganywi upesi kwamba "kila kitu kimekufa."

Fundi wa mwaka jana alifanya nini? Alikata mpira wa tairi kuukuu, akauvika pistoni. Mpira ule haukukaa sawasawa ndani ya silinda. Baada ya miezi miwili maji yakapungua, akaitwa tena, akalipwa tena. Mara ya tatu hakuonekana. Nikawaomba watu tupige hesabu pamoja. Mwaka una miezi 12. Ukitengeneza kila miezi miwili, ni mara 6. Mara 6 kwa shilingi 45,000 ni shilingi 270,000. Mpira halisi wa pampu ile hubadilishwa kila mwaka mara moja. Mzee yule aliuliza, "Kwa hiyo yule ndiye aliyetuibia?" Nikajibu kwamba sijui kama alikusudia, lakini mimi nilimsifu bila kupiga hesabu. Nilisema hivyo mbele ya watu, ingawa haikuwa rahisi.

Baada ya hapo tulimgeukia kijana wetu. Sikutaka tuanze na neno "ghali." Nilitaka tuigawe ile 190,000. Akataja: vipuri 74,000, nauli na chakula 46,000, ufundi 70,000. Mweka hazina wa kamati, mama aliyejifunza kusoma katika darasa la watu wazima, aliandika katika daftari. Kisha akaomba risiti. Akaisoma polepole, mstari kwa mstari, kidole juu ya karatasi. Hakuna aliyemharakisha.

Akafika kwenye bushi. Risiti ilisema seti nne. Mama akasema, "Tuonyeshe zile za zamani ulizozitoa." Fundi akatandika gunia, akaweka mpira uliolika, pete ya mpira ya vali, na bushi seti mbili. "Mbili nyingine ziko wapi?" Kijana akainama. Kisha akafungua mfuko wake akazitoa. Zilikuwa mpya. Alisema alizinunua za akiba, kwa kuwa nauli ya kwenda Mwanza ni kubwa na hizi zilizobaki zitaisha mwakani.

Watu walipiga kelele. Mimi sikumwona mwizi. Mwizi hatembei na ushahidi mfukoni siku ya kesi. Lakini alikosea kununua kwa fedha ya watu bila kuwaambia, tena akaziweka kwake. Kamati ikazichukua bushi zile, ikazitia katika sanduku lake, ikakubali bei yake.

Mama hakuwa amemaliza. Risiti ile ile ilikuwa na vipuri vya kisima kingine. "Safari moja, visima viwili," akasema. "Mbona nauli yote ni yetu?" Hapo fundi hakuwa na jibu. Nauli ikagawanywa sehemu mbili, 23,000 ikaondolewa. Deni likawa shilingi 167,000.

Likabaki neno la ufundi, shilingi 70,000. Kijana alisafiri siku moja, akafanya kazi siku mbili, kwa kuwa vali ya chini ilinasa katika matope. Msaidizi wake alimpa 20,000. Yeye zikambaki 50,000 kwa siku tatu. Nikawauliza, fundi wa kujenga mnamlipa kiasi gani kwa siku? Wakasema 20,000. Siku tatu ni 60,000. Basi fundi wa pampu alikuwa chini ya fundi wa kujenga. Hapo hata wale vijana wenye baiskeli walinyamaza.

Wazee wengine wanakumbuka mambo yalivyokuwa zamani. Mwaka 1971 Serikali ilianza mpango wa miaka 20 wa maji vijijini. Lengo lilikuwa kwamba ifikapo 1991 kila mwananchi apate maji karibu, mwendo usiozidi mita 400. Wakati ule pampu ikiharibika, watu walingoja gari la idara ya maji. Hakuna aliyeuliza bei. Sera ya Maji ya mwaka 2002 iliweka gharama za kuendesha na kutengeneza mikononi mwa watumiaji. Tangu 2019 kuna RUWASA, wakala wa maji vijijini, na watumiaji wa maji wana vyombo vyao vya kusimamia miradi. Kwa hiyo kama hujui bei ya kipuri, uliza ofisi ya RUWASA ya wilaya kabla ya kutoa fedha. Kuuliza hakulipiwi.

Kosa kubwa la kisima kile lilikuwa la siku ya kwanza. Fundi aliitwa, akafungua pampu, na hakuna aliyetaja bei. Sasa kamati imeandika katika daftari: kabla ya kufungua hata nati moja, fundi ataje ugonjwa na bei ya ufundi. Vipuri vinunuliwe kwa risiti, tena mjumbe mmoja aende naye ikiwezekana. Vipuri vya zamani virudishwe. Pampu ikiharibika tena kwa ugonjwa ule ule kabla ya miezi mitatu, fundi aje bila malipo ya ufundi. Kijana alitaka iwe miezi miwili. Walivutana kidogo, akakubali.

Kuhusu kufuli nilimwambia wazi kwamba alikosea. Deni ni la kamati, lakini kiu ni ya watoto. Vijana nao niliwaambia kwamba baiskeli ya mtu si rehani ya kujichukulia.

Deni lilikuwa 167,000, sanduku lina 112,000. Zilipungua 55,000. Nyumba zinazochota pale ni 55, kwa hiyo kila nyumba ilidaiwa shilingi 1,000. Wajane wawili hawakuwa nayo, wakalipiwa na wenye ng'ombe wengi. Jioni ya siku ya pili fundi alilipwa, akapewa baiskeli yake na spana zake, akafungua kufuli.

Tukaweka ndoo ya lita 20. Tukahesabu mipigo ya mpini mpaka ikajaa: 46. Mama mweka hazina akaandika hesabu ile katika daftari pamoja na tarehe, akasema atahesabu tena kila mwisho wa mwezi. Mtoto aliyelazwa alirudi nyumbani wiki ile.

Mwezi ujao nitarudi shambani. Tutazungumza juu ya michirizi ya kahawia katika mihogo, na namna ya kuchagua mbegu safi.