Homa Moja, Miili Mbalimbali

Wasafiri wa barabara kuu ya Nairobi kwenda Nakuru huijua Kikopey kwa nyama choma. Wachache hukumbuka kwamba si mbali na hapo, katika shamba lililokuwa karibu na Ziwa Naivasha, kondoo walikufa kwa wingi mwaka 1930. Wataalamu Daubney, Hudson na Garnham walikitambua kirusi kilichohusika, na mwaka 1931 wakauandikia ulimwengu juu ya Homa ya Bonde la Ufa. (Neno "kirusi" lenyewe lina kisa: tulilipokea "virusi" kutoka ugenini, tukalidhania kuwa wingi, tukaliundia umoja!)

Kinachonikera ni hoja isikikayo buchani na hata madarasani: "Fulani alimchinja ng'ombe mgonjwa, akamla, wala hakupatwa na lolote." Yamkini Fulani hasemi uongo. Wengi waambukizwao huumwa na kichwa na misuli kwa siku chache, wakapona. Wengine hawahisi kitu. Ila wapo wachache wanaopofuka, wanaovimba ubongo au kuvuja damu, na katika hao wa mwisho takriban nusu huweza kufa. Mkurupuko wa 2006 hadi 2007 uliwaua zaidi ya Wakenya 150. Baringo, humu humu Bondeni, haikusalimika.

Mbona tofauti hizo? Tuanze zizini. Kondoo wachanga wa siku chache hufa karibu wote, ilhali wakubwa wengi hunusurika, na kirusi ni kile kile. Kwa binadamu, uchunguzi wa baada ya mkurupuko huo uliona kwamba walioshika mimba za mifugo zilizoharibika walikuwa hatarini zaidi. Nchini Tanzania, mwaka 2007, wagonjwa waliokuwa pia na virusi vya UKIMWI walifariki kwa kiwango cha juu. Aidha, tofauti ndogo za jeni zinazoiamsha kinga ya mwili zimehusishwa na dalili kali kaskazini mashariki mwa Kenya.

Jeni haionekani usoni. Kwa hiyo ule msemo wetu wa "mwili wa chuma" hutolewa baada ya mtu kupona, kamwe si kabla, na mwanafunzi auchukuaye kuwa kinga amedanganywa na sitiari. Mwalimu na amwambie hivyo waziwazi.

Mlaji wa Kikopey asitishike: nyama iliyoiva barabara haina neno, kwani joto hukiua kirusi. Wa kuhofiwa ni kijana wa machinjioni, aliyezamisha mikono mitupu katika damu kabla moto haujawashwa.