Gari Lako Halijachoka

Jumamosi moja ya Februari 2024, kwenye jua la saa saba mchana, gari langu lilichemsha Kimara Mwisho. Ndani alikuwemo mama yangu na wanangu wawili. Fundi wa jirani alikuja na dumu la maji, akangoja injini ipoe, akazungusha mfuniko wa rejeta kwa kitambaa. Yalitoka maji mazito ya rangi ya matofali, yananuka chuma. Akayatazama, akanitazama na mimi. "Dada, hili gari limechoka. Liuze, ongeza hela kidogo, chukua la karibuni upumzike."

Maneno hayo nimeyasikia tena kwa shemeji yangu, kwa wenzangu kazini, kwa dalali aliyekuja kulitazama gari bila kuitwa, na kwa mzee mmoja wa kanisani anayenitakia mema kwa dhati. Wote wanasema lile lile, na hakuna anayeona haja ya kulithibitisha: gari likizoea gereji, liuze kabla halijakumaliza, ununue mtumba mwingine wa mwaka wa juu. Mimi nasema imani hiyo inazifilisi familia za kawaida za mji huu, na inazifilisi kwa mikopo ya miaka mitatu, minne, huku zenyewe zikijiona zimetumia busara.

Tuanze na hesabu, maana ndipo watu wanapopotea. Gari langu ni IST ya mwaka 2004, injini 1NZ, namba C. Nililitoa bandarini mwaka 2013. Baada ya siku ile ya Kimara, dalali alinipa bei yake: Sh milioni 4.5, kama lilivyo. Nikalivuta hadi kwa mzee mmoja mwenye gereji Tabata, akakaa nalo kutwa nzima, jioni akaniandikia karatasi. Rejeta. Wota pampu. Hozi mbili. Gasketi ya silinda hedi, na hedi yenyewe kwenda kuchongwa. Shokapu nne, mauntingi za injini, bushi za mbele. Pamoja na ufundi, Sh milioni 1.8.

Hapo kila niliyemwonyesha karatasi alishika kichwa. Milioni 1.8 kwenye gari la milioni 4.5! Kanuni yao ni kwamba gari halitiwi pesa inayokaribia nusu ya bei yake. Lakini bei ya gari langu sokoni inamhusu atakayelinunua. Mimi siliuzi. Mimi nataka kufika kazini, watoto wafike shule, mama afike kliniki. Kinachonihusu ni gharama ya kulitengeneza hili nikiiweka kando ya gharama ya kupata jingine la kufanya kazi hiyo hiyo. Na hilo jingine nililiona: Toyota Fielder ya 2013, yadi, Sh milioni 22. Toa milioni 4.5 za dalali, zinabaki milioni 17.5. Hizo ndizo "hela kidogo" alizoniambia yule kijana wa Kimara. Kwa pesa hiyo ningelifanyia gari langu matengenezo makubwa kama yale mara 9, na chenji ikabaki.

Pesa yenyewe inakwenda wapi? Chukua gari dogo la cc 1,500 unaloagiza mwenyewe kutoka Japani. Ushuru wa forodha ni asilimia 25. Ushuru wa bidhaa kwa injini hiyo ni asilimia 5. Gari likiwa limepita miaka 8 tangu litengenezwe, linaongezewa asilimia 15 kwa uchakavu. Likipita miaka 10, asilimia 30. Kisha inakuja VAT ya asilimia 18, ambayo inapigwa juu ya bei na juu ya ushuru huo wote. Jumlisha kwa gari lililopita miaka 10: kodi inakaribia kulingana na thamani ya gari lenyewe pamoja na nauli ya meli na bima. Na thamani hiyo ni ile iliyomo kwenye mfumo wa TRA, hata kama wewe ulilipata kwa bei ya chini. Sipingi kodi, barabara ninayoendeshea imejengwa kwa kodi. Ninachosema ni kwamba karibu nusu ya pesa uliyoikopa haikununulii bolti hata moja, wakati gari lililoko uani kwako kodi hiyo ulishalilipia. Anayeliuza ili aagize jingine analipa mara ya pili. Na akikopa benki, mara nyingi anatakiwa akate bima kubwa, inayohesabiwa kwa asilimia ya thamani ya gari, kila mwaka mpaka deni liishe.

Haya, sasa huko kupumzika. Nani amesema gari la mwaka wa juu linakupumzisha?

Nenda kwanza yalikotoka magari haya. Japani gari jipya la mtu binafsi linakaguliwa baada ya miaka 3, halafu kila baada ya miaka 2. Ukaguzi huo wanauita shaken, na bila cheti chake gari haliruhusiwi barabarani. Breki, taa, moshi, bushi, kila kitu kinatazamwa, na kisichofaa kinabadilishwa, mwenye gari apende asipende. Likifika miaka 13, kodi yake ya mwaka nayo inapanda. Kwa hiyo wengi wanaliuza kwa kukimbia gharama hizo, likiwa bado linatembea vizuri kabisa. Sisi tunalipokea lina miaka 10 na ushei, linanukia usafi, na tunaliita jipya. Halafu tangu mwezi wa kwanza tunaanza kulinyima kila kilicholifikisha umri huo. Kwenye rejeta tunajaza maji ya bomba badala ya kulanti. Oili inamwagwa tukikumbuka. Filta ya hewa inapulizwa vumbi na kurudishwa, mwaka wa pili, wa tatu. Miaka mitano ikipita hivyo, tunasema limechoka.

Mzee wa Tabata alinionyesha kitu ambacho sijakisahau. Alipofungua kikombe cha thamostati kwenye injini yangu, kilikuwa kitupu. Fundi fulani huko nyuma alikitoa kifaa chenyewe akakitupa, kwa hoja inayorudiwa gereji nyingi kwamba nchi yetu ni ya joto, haina haja nacho. Mzee alikuwa na thamostati mpya mkononi. Akainjika sufuria ya maji kwenye jiko la mkaa alilokuwa anapikia chai, akaitumbukiza kwa waya. "Tazama, mwanangu." Tukainama wote wawili. Kwa dakika kadhaa haikufanya kitu. Maji yalipoanza kutoa mvuke, karibu na nyuzi 82, kile kisahani cha katikati kikajiinua taratibu, kikaacha mwanya wa kupitisha maji. Akaiopoa, ikajifunga yenyewe. "Injini inataka joto lake. Hiki ndicho kinalinda lisipungue. Ukikitoa, injini inakunywa mafuta siku zote kama imewashwa alfajiri, na oili inachafuka upesi." Kisha akanipangusia kipande cha rejeta ya zamani: tundu baada ya tundu zimezibwa na kutu ya maji ya bomba. Ndiyo iliyochemsha gari langu. Umri haukuhusika, ni miaka 11 ya uzembe, sehemu kubwa wangu mwenyewe, kwa sababu sikuwahi hata mara moja kuuliza kilichokuwa kinamiminwa mle ndani.

Mtu mwenye mazoea hayo akinunua Fielder, anayahamishia kwenye Fielder. Na huko yanaua haraka zaidi. Nilipofunguliwa boneti ya ile ya milioni 22, nilikuta injini ile ile ya 1NZ. Ile ile! Nilichokuwa naongezewa ni bodi mpya zaidi, redio nzuri, na gia boksi ya CVT. CVT haina gia za kawaida. Ina mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili, na inataka oili yake maalumu, si ile ya gia boksi za otomatiki tulizozizoea. Jirani yangu alipouza gari lake la zamani na kuchukua la namna hiyo, fundi alimmiminia oili ya kawaida kwenye sevisi ya kwanza. Kabla ya miezi minane gari likaanza kuvuma na kugoma kwenye mlima. Gia boksi ya mtumba aliyoipata ilikuwa na bei inayozidi karatasi yangu yote ya Tabata, na alipoinunua alikuwa bado ana mkopo wa kulilipa gari. Mama watoto wake alirudi kwenye daladala mwezi mzima. Ameruka majivu, amekanyaga moto, na aliruka kwa ushauri wa watu wanaompenda.

Hii ndiyo faida ya gari la zamani ambayo hakuna anayeitia kwenye hesabu: linajulikana. Injini ya 1NZ imekuja nchini ndani ya Vitz, Platz, Raum, Probox, Spacio. Ukishuka Gerezani pale Kariakoo unapata karibu kila spea yake, mpya na ya mtumba. Mafundi wameifungua mara nyingi mpaka mikono imeizoea. Na zaidi ya injini, mimi nalijua gari langu. Najua lilipogongwa, najua lililobadilishwa na lisilobadilishwa. La yadi silijui. Kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi yake zinaweza kuwa zimerudishwa, na kazi hiyo ni ya muda mfupi tu kwa mwenye kifaa. Hata karatasi ya mnada wa Japani, ambayo inaandika kasoro na kulipa gari daraja, wanunuzi wengi hawaiombi. Wanatazama rangi na tairi.

Kuna hoja moja ya wenzangu ninayoiheshimu. Wanasema: hesabu yako haijaweka usumbufu. Kukwama usiku na watoto. Kuchelewa kazini. Kweli kabisa, mimi nimekaa Kimara na mama mwenye presha juani, sihitaji kukumbushwa. Lakini tazama jinsi tunavyotengeneza. Gari likigonga, tunabadilisha bushi moja, ile iliyogonga, ya bei rahisi kuliko zote. Mwezi ujao inagonga ya pili. Mwezi wa tatu shokapu. Kila safari tunatoa elfu themanini, laki moja, laki na nusu, hatuandiki popote, na mwisho wa mwaka tunaapa kwamba gari limekula pesa. Kinachokula pesa ni kiraka. Milioni 1.8 zangu zilitoka kwa mkupuo na ziliniuma, nilichukua SACCOS nikalipa miezi sita. Lakini vyote vilivyokuwa vinangoja zamu ya kufa vilibadilishwa wiki moja, na tangu hapo gari halijanilaza njiani. Ndani ya kabati lake kuna daftari la shule la kurasa 48. Kila oili, kila filta, tarehe na kilomita. Fundi akiniambia kitu kimekufa, naangalia nilikifunga lini, kisha tunazungumza.

Na kuna jambo tunalizunguka tu. Wengi hawauzi magari kwa sababu ya gereji. Wanauza kwa sababu ya namba ya usajili. Mtaani kwetu gari linaulizwa namba kabla ya kuulizwa hali: bado unatembelea C? Kwenye harusi, kwenye kikao cha wazazi, macho yanashuka kwenye kibao cha nyuma. Nalielewa shinikizo hilo na silidharau. Heshima ya mtu ni kitu. Lakini atakaye kununua heshima aijue bei yake, milioni 17.5, asiifiche nyuma ya wota pampu. Nina mwenzangu aliyemtoa mtoto shule ya karibu na kumpeleka ya mbali kwa sababu rejesho la gari lilikuwa limekula ada. Gari linang'aa. Mtoto anaamka saa kumi usiku.

Sisemi gari lisiuzwe kamwe. Familia ikizidi viti, uza. Likipata ajali ikapinda mihimili, uza, na umwambie mnunuzi. Wenzetu wa Unguja na wote tunaoishi na upepo wa bahari tunajua ugonjwa mmoja usiotibika kwa spea: kutu kwenye bodi ya chini. Ikishakula sehemu zinazobeba usukani na shokapu, hakuna uchomeleaji nitakaouamini na wanangu ndani. Kwa hiyo kila mwaka mzee wa Tabata analiinua gari langu kwa jeki, anaingia chini na tochi na bisibisi, anabonyeza mihimili, karibu na magurudumu, chini ya milango. Siku bisibisi itakapozama, nitaliuza kwa bei ya chuma chakavu.

Mwezi uliopita alibonyeza kote. Haikuzama popote. Alitoka chini akijipangusa, akaomba daftari, akaandika tarehe.