Daftari Lisilosahihishwa

Nimeshika chaki kwa muda mrefu, kisha nikaongoza shule, na tangu nistaafu nimecheza gofu vya kutosha kusema neno hili bila kusitasita: wengi wa wanaocheza mchezo huu kwa ridhaa hawaendelei mbele kwa sababu hawataki kusahihishwa. Yupo aliyekuwa akimaliza mashimo 18 kwa mapigo 98 miaka kumi iliyopita, na leo bado yuko pale pale kwenye 98. Mtoto wa shule akikaa darasa moja miaka kumi, tungewaita wazazi wake. Huyu wetu tunamwagizia chai na kumpa pole.

Wahenga walisema mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Huku kwetu pwani mibaazi ya namna hiyo imejaa klabuni. Kusi ikivuma, kosa ni la upepo. Kaskazi ikiingia na ardhi ikakauka, kosa ni la ardhi, maana mpira ulidunda ukapotelea vichakani. Mvua ikinyesha, nyasi ni ndefu. Na siku isiyo na upepo wala mvua, kosa ni la kedi. Ni nadra mno kumsikia mtu akisema, "Leo nimepoteza mapigo sita kwa kuchagua fimbo vibaya."

Baada ya visingizio huja dawa ya dukani. Sheria za gofu zinamruhusu mchezaji kubeba fimbo zisizozidi 14, na wapo wanaozibadilisha zote, kwa fedha ambazo zingemlipia mtoto wa sekondari karo ya mihula kadhaa, kabla hawajajua hata moja kati ya zile za kwanza hupeleka mpira umbali gani. Severiano Ballesteros, Mhispania aliyeshinda Kenya Open mwaka 1978, alijifunza utotoni kwa kupiga mpira ufukweni kwao Pedreña akiwa na fimbo moja ya chuma, namba 3. Kwa kuwa hakuwa na nyingine, ilimbidi aitafutie fimbo hiyo njia nyingi za kuitumia. Sisemi kwamba fimbo mbovu ni sifa. Fimbo isiyolingana na kimo cha mtu itamsumbua kweli. Ninachosema ni kwamba hakuna duka linalouza ujuzi.

Sasa twende uwanja wa mazoezi, Jumamosi asubuhi. Utamwona bwana amemwaga ndoo ya mipira 50, ameshika fimbo ndefu kuliko zote, anapiga mmoja baada ya mwingine kuelekea upande ule ule. Akifika mpira wa thelathini inaanza kwenda vizuri, naye anatabasamu na kujiona amefuzu. Lakini katika mchezo wenyewe hakuna anayepewa nafasi ya kurudia pigo mara thelathini. Kila pigo ni fimbo nyingine, mahali pengine, umbali mwingine. Mwaka 1979 watafiti wawili wa Marekani, John Shea na Robyn Morgan, walilinganisha watu waliorudia zoezi moja mfululizo na wengine waliochanganya mazoezi bila mpangilio. Waliochanganya walionekana wazito wakati wa kujifunza, lakini walipopimwa tena siku kumi baadaye wao ndio waliokuwa wameshika zaidi. Jaribio lile halikuwa la gofu, lakini mwalimu yeyote aliyekaa darasani anaujua ukweli wake. Mazoezi yanayomfurahisha mwanafunzi si lazima yawe ndiyo yanayomfundisha.

Chuoni, tulipokuwa tukifundwa ualimu, ilikuwa mwiko kutoa jaribio na kuacha kulisahihisha. Hatua zilikuwa nne: pima, tafuta kosa, fundisha upya sehemu ile ile iliyokosewa, kisha pima tena. Mtoto anayejua kujumlisha asiyejua kugawanya, ukimwachia uhuru wake, atajumlisha kutwa nzima, kwa kuwa anapenda kuona alama za vema. Kazi ya mwalimu ni kumwondoa pale anapojisikia vizuri na kumpeleka pale panapomshinda. Mcheza gofu wetu hana mwalimu wa kumwondoa, au anaye ila hamwendei. Basi anajumlisha mpaka jua linazama.

Hapa watasimama wakubwa wawili wa klabu kunipinga, kila mmoja na dawa yake. Wa kwanza atasema gofu yote iko kwenye grini, pale kwenye nyasi zilizonyolewa penye shimo. Hesabu anayo: katika uwanja wa mapigo 72, mapigo 36 yametengewa kusukuma mpira shimoni, mawili kwa kila shimo. Wa pili atasema mchezo huamuliwa mbali na shimo, naye pia ana hoja. Mark Broadie, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 2014 kwamba takriban theluthi mbili ya tofauti ya alama kati ya mchezaji hodari na aliye dhaifu hutokana na mapigo ya mbali, ya zaidi ya yadi 100. Mimi sina ugomvi na Broadie. Alifanya kazi ya mwalimu mzuri: aliyakusanya madaftari akayasahihisha. Ugomvi wangu ni na mtu anayechukua jibu la darasa zima akaliandika kwenye daftari lake mwenyewe. Wastani wa darasa haukwambii wewe umekosa swali gani. Huenda wewe unapiga mbali na sawasawa, kisha unachezea mchanga mapigo matatu kila ukiingia. Hujui, kwa sababu hukuandika.

Na wengi hawaandiki kwa sababu wanaogopa watakachokisoma. Mpira umebaki hatua moja kutoka shimoni, mwenzake anasema, "Nimekupa," naye anauokota haraka kabla mwenye kutoa hajabadili nia. Shimo lile lina upana wa milimita 108 tu, na hatua ile moja ndiyo iliyomtoa jasho wiki iliyopita. Mwisho wa siku kadi inasema 91. Kadi ile ni ya uongo, na mwanafunzi hawezi kujifunza kwenye daftari la uongo. Mficha uchi hazai.

Wengine hujificha nyuma ya handikapu. Tangu mwaka 2020 handikapu hupigwa kwa utaratibu mmoja duniani: huchukuliwa matokeo 8 bora kati ya 20 ya karibuni, na shimo lililoharibika sana hukatwa lisizidi kiwango fulani. Kwa mashindano ni haki kabisa. Lakini namba hiyo inaonyesha siku zako nzuri, si siku zako zote, wala haikusudiwi kuwa ripoti ya shule. Wapo pia wanaoficha kadi zao nzuri ili handikapu ibaki juu, wapate kubeba birika la umeme siku ya wadhamini. Hao siwahesabu. Hao ni wanafunzi wanaofeli kwa makusudi ili wabaki na wadogo wawaonee.

Linaloniudhi kuliko yote ni hili. Anayelijua kosa la mchezaji anatembea nyuma yake amebeba mfuko. Kedi ameyaona mapigo yake ya mwaka mzima, na ya wenzake mia. Ukimwuliza atakujibu kwa adabu, "Mzee, ukiwa na haraka unainua kichwa," au "Mzee, hapa kila siku unachukua fimbo fupi." Lakini haulizwi. Anaulizwa mpira umeangukia wapi, basi. Kwa nini? Kwa kuwa mwenye mfuko alikuja na gari na kedi alikuja kwa miguu. Wachezaji wa kulipwa wa Kenya wengi walianza kwa kubeba mifuko hiyo hiyo. Walisoma kwa macho, makosa ya matajiri yakiwa ndiyo kitabu chao. Kiburi kinachomzuia mtu mzima kumwuliza kijana ndicho kinachomgharimu mapigo, na nina hakika hakiishii uwanjani. Huenda naye ofisini, hurudi naye nyumbani.

Nitaambiwa, "Mwalimu, sisi tunajiburudisha tu." Vizuri. Anayecheza kwa ajili ya hewa ya bahari na maongezi namheshimu, naye huwa halalamiki. Ninayemsema ni yule anayeomboleza kila Jumamosi kuhusu alama zake. Wengine watasema ni umri. Umri hupunguza urefu wa pigo, sikatai, nami nimeshavuka sabini. Lakini umri haumzuii mtu kuhesabu kwa haki, wala kutumia akili badala ya kupenyeza mpira katikati ya minazi miwili alipoweza kuusogeza pembeni kwa pigo moja.

Basi fanya hivi. Nyuma ya kadi chora safu nne: pigo la kwanza la shimo, pigo la kuelekea grini, mapigo ya karibu na grini pamoja na ya mchangani, na mapigo ya kusukuma. Kila pigo unalolipoteza liandike kwenye safu yake, na adhabu ya mpira uliopotea iandike pale ilipozaliwa. Usipewe shimo na mtu. Tuseme umemaliza kwa 98 katika uwanja wa 72. Una mapigo 26 ya kueleza. Huenda ukakuta safu ya kwanza ina 4, ya pili 9, ya tatu 11, ya nne 2. Rudia raundi tano, jumlisha, kisha nusu ya muda wako wa mazoezi upeleke kwenye safu iliyojaa kuliko zote, hata kama ndiyo usiyoipenda. Mwonyeshe kedi wako kadi hizo, umwulize anaonaje, na umwache amalize kusema.

Baada ya hapo, ukiona sikusema kweli, njoo unidai kikombe cha kahawa.