Wauza klachi watutajie kipimo, si majina

Alasiri moja ya mwaka 2022, nikitoka Kajiado kurejea nyumbani Kitengela, nilijitokeza kulipita lori la mawe karibu na Isinya. Barabara ilikuwa nyeupe, isipokuwa matatu moja iliyokuwa ikija kwa mbali. Nilikanyaga mafuta. Injini ikanguruma, mshale wa mizunguko ukaruka juu, lakini gari halikuongeza mwendo hata kidogo. Lilikuwa kama mtu anayepiga mbio ndotoni. Nilirejea nyuma ya lori huku mikono ikitetemeka, na ile matatu ikapita ikinipigia honi ambayo nadhani niliistahili.

Sababu ilikuwa klachi. Gari langu ni Subaru Impreza WRX ya mwaka 1993, kongwe lakini lenye afya, nililouziwa na mwenzangu kazini. Kabla ya kuniuzia, mwenzangu huyo alikuwa ameongeza shinikizo la tabo na kubadilisha ekzosi. Nguvu ziliongezeka, naye akafurahi, nami nikafurahi baada yake. Hakuna kati yetu aliyejiuliza kama kile kisahani kinachounganisha injini na giaboksi kilikuwa kimearifiwa kuhusu mabadiliko hayo.

Wapo watakaosema kwamba mhadhiri wa isimu hana haki ya kuzungumzia klachi. Huenda. Lakini yaliyonipata baada ya siku ile yalikuwa, kwa sehemu kubwa, matatizo ya lugha, na katika hayo nina haki ya kusema.

Nilianza kwa kwenda Nairobi kwa muuzaji wa vipuri ambaye sitamtaja. Nilimweleza kwamba gari lina nguvu kuliko lilivyotoka kiwandani. Akanitolea sanduku na kuniambia kwamba hiyo ni klachi ya "steji ya tatu", na kwamba ni "orijino". Bei: shilingi 95,000. Nilimuuliza steji ya tatu ni nini. Akajibu kwamba iko juu ya steji ya pili.

Mkenya yeyote anajua steji ni nini: ni mahali pa kupandia matatu. Katika biashara ya vipuri, neno hilo limepewa maana nyingine, ya daraja la ubora, ila maana yenyewe haina mwenyewe. Hakuna taasisi iliyoketi ikaamua steji ya pili ibebe mzigo kiasi gani na ya tatu kiasi gani. Kila mtengenezaji hujipangia ngazi zake, hivi kwamba steji ya pili ya huyu yaweza kuwa na uwezo kuliko steji ya tatu ya yule. Ama "orijino", hilo nalo limechakaa kwa matumizi. Zamani lilimaanisha kipuri kilichotengenezwa na kampuni iliyounda gari au kwa idhini yake. Leo humaanisha kwamba muuzaji anatamani ununue. Na "eksi-Japani" ni adabu ya kusema kwamba kitu kimetumiwa na mtu mwingine ng'ambo mpaka akakitupa.

Kwa bahati, Kitengela ina mafundi. Yupo kijana mmoja mwenye gereji nyuma ya soko, ambaye hakusomea uhandisi chuoni, lakini hueleza mambo vizuri kuliko wengi wetu tunaolipwa kwa kazi hiyo. (Fundi na kufundisha ni maneno ya mzizi mmoja, jambo tunalolisahau vyuoni.) Swali lake la kwanza halikuwa la nguvu farasi. Aliniuliza, "Mwalimu, toki ni ngapi?"

Hapo ndipo penye kiini. Toki ni ule mkazo wa kusokota ambao injini inautia kwenye klachi, nao hupimwa kwa Newton-mita. Nguvu farasi ni zao la toki na kasi ya mizunguko. Kwa hiyo magari mawili yanaweza kuwa na nguvu farasi zinazokaribiana na yakahitaji klachi tofauti kabisa. Honda S2000 iliyotoka Japani mwaka 1999 ilikuwa na nguvu farasi 250, ilizozipata kwa kuizungusha injini kwa kasi kubwa mno, ilhali toki yake ilikuwa Newton-mita 218 tu. WRX ya kwanza, ya mwaka 1992, ilikuwa na nguvu farasi 240, chini ya Honda hiyo, lakini toki yake ilikuwa takriban Newton-mita 304. Anayenunua klachi kwa kutaja nguvu farasi ni kama anayemwagizia mtoto viatu kwa kutaja urefu wa mtoto.

Gari langu lilipopelekwa kwenye mashine ya kupimia, toki yake ilikadiriwa kuwa Newton-mita 370. Wahandisi wanapobuni klachi huacha akiba juu ya toki ya injini, kwa kawaida kati ya robo na nusu ya toki hiyo. Robo juu ya 304 ni 380. Kwa hiyo klachi ya kiwandani, ikiwa mpya, pengine ingelimudu gari langu kwa shida. Ikiwa imezeeka, akiba imeliwa, na kinachobaki ni ile ndoto ya Isinya.

Klachi yenyewe si kitu cha ajabu. Ni sahani yenye utando wa kukwaruza pande zote mbili, inayobanwa kati ya flaiwili na presha pleti kwa nguvu za springi. Uwezo wake hutokana na mambo manne: ukwaruzaji wa utando, nguvu za kubana, upana wa sahani na idadi ya nyuso zinazogusana. Upana umeamuliwa na nafasi iliyopo, na nyuso ni mbili. Yamebaki mawili ya kuchezea: ama utie utando mkali zaidi, ama ubane kwa nguvu zaidi.

Ile ya shilingi 95,000 ilifuata njia ya kwanza. Badala ya utando uliozunguka sahani nzima, ilikuwa na vipande vichache vya seramiki vilivyopangwa kama petali. Klachi za namna hiyo hushika kweli kweli, na katika mashindano zina mahali pake. Lakini hazina hiari: ama zimeshika ama zimeachia, na katikati hakuna kitu. Sasa, msomaji anayeifahamu barabara ya Kitengela saa moja asubuhi, malori ya saruji ya Athi River yakiwa mbele na matatu zikichomeka kutoka kando, atanielewa nikisema kwamba huko katikati ndiko tunakoishi. Tunasogea mita tano, tunasimama, tunasogea tatu. Tena nyanda zetu ziko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini ya tabo kabla tabo haijaamka huwa dhaifu. Dereva hulazimika kuzidisha mafuta na kuitelezesha klachi ili gari lianze kuondoka. Kila mtelezo ni joto, na joto ndilo linaloua klachi. Naamini msongamano wa Kitengela umekwisha kula klachi nyingi kuliko mbio zote za vijana wa Subaru.

Kuna na jambo la pili ambalo muuzaji hakunitajia. Klachi inayoteleza kidogo ni kama fyuzi: huchukua mshtuko usifike mbele. Ukiweka isiyoteleza kamwe, mshtuko hauishi, unahamia kwenye meno ya gia. Giaboksi ya gia tano ya WRX za zamani inajulikana kwa udhaifu wake. Ningelipa 95,000 kuokoa klachi, kisha nilipe zaidi ya hapo kununua giaboksi.

Fundi wangu alichagua njia ya pili, kwa kiasi. Sahani yenye utando wa kawaida unaozunguka pande zote, yenye springi katikati za kupunguza mshtuko, na presha pleti inayobana kwa nguvu zaidi, kutoka kwa mtengenezaji aliyeandika kwenye karatasi yake kwamba inabeba Newton-mita 460. Hesabu yake ilikuwa rahisi: 370 na robo yake ni 462 na ushei. Bei ilikuwa 52,000. Gharama yake nyingine ni kwamba pedali imekuwa nzito, na kwamba mbano mkubwa huilemea beringi ya kuachilia klachi pamoja na injini yenyewe. Ndiyo maana hakutaka tuchukue ile ya 600 iliyokuwa kando yake, ingawa tofauti ya bei ilikuwa ndogo. Uwezo usiouhitaji nao huulipia, kwa goti.

Sitaki kumdanganya msomaji kwamba unafuu uliishia hapo. Giaboksi ikishashushwa, kazi kubwa imekwisha kulipiwa, na ni upuuzi kuacha kubadilisha beringi, au kutoitazama sili ya mafuta nyuma ya injini. Tone la mafuta kwenye utando huiharibu klachi mpya siku hiyo hiyo. Flaiwili nayo ilikuwa na alama za kuungua, ikapelekwa kuchongwa upya iwe sawasawa. Kisha nikaamriwa kuendesha kwa upole kama kilomita 800 ili nyuso zizoeane. Nilitii, ingawa mwanangu wa kiume aliona haya kupandishwa gari la namna hiyo likienda kama la padre.

Unafuu ninaoupinga ni ule wa kuvalisha sahani kuukuu utando mpya kwa ribiti za kienyeji. Kwa pikipiki ya shambani sina neno. Kwa injini inayozunguka mara 7,000 kwa dakika, utando ukipasuka vipande hutoka kwa kasi ya kutoboa ganda la giaboksi, na miguu ya dereva iko karibu na hapo. Mashindano ya kukata mbio Marekani yalilazimika kuweka ngao za chuma kwa sababu hiyo hiyo. Vilevile naikataa klachi iliyotumika, hata ingawa imeoshwa ikang'ara. Unene wa utando uliobaki waweza kuupima. Joto lililopita katika springi zake hutalipima sokoni.

Najua kuna wazee wenzangu watakaouliza mbona vijana hawa wasiyaache magari kama yalivyotoka Japani. Swali hilo lina adabu lakini limechelewa. Nchi iliyomshangilia Patrick Njiru na Vivio yake katika Safari ya 1993, na ikamwona Colin McRae akishinda kwa Impreza mwaka 1997, haiwezi kushangaa kwamba watoto wake wanayapenda magari hayo na kuyatia nguvu. Kinachonisumbua si nguvu zile. Ni kwamba barabara ya Namanga ina ng'ombe wanaovuka, watalii wa Amboseli, malori ya kuvuka mpaka na watoto wa shule, na mwenye gari anahitaji kujua kwa hakika kwamba akikanyaga mafuta, gari litakwenda. Anayetaka kujua hali ya klachi yake asingoje lori. Atie gia ya nne kwenye mwendo wa kilomita 60 kwa saa mahali pasipo na watu, akanyage mafuta yote. Mizunguko ikipanda na mwendo usipande, jibu ni hilo.

Ombi langu kwa Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa ni dogo. Shirika hilo limetuzuia kuagiza magari yaliyotumika yenye umri wa zaidi ya miaka 8, na halikushindwa kulisimamia hilo bandarini. Basi na litake kila sanduku la klachi liandikwe toki inayobebwa, kwa Newton-mita, pamoja na jina la aliyeitengeneza. Haligharimu ila wino. Mnunuzi wa mchele huambiwa kilo; kwa nini mnunuzi wa kitu kinachobeba maisha yake aambiwe steji?

Mwezi uliopita nilipitia tena kwa yule muuzaji wa Nairobi, nikiwa na haja ya plagi tu. Sanduku la steji ya tatu, au nduguye, lilikuwa bado rafuni. Nikamuuliza linabeba Newton-mita ngapi. Aliligeuza pande zote, akalirudisha mahali pake, akaniambia, "Za kutosha, mwalimu."