Macho ya rada tumeyanunua, elimu yake je?

Mwaka 2015 Falme za Kiarabu ziliagiza ndege za ulinzi za GlobalEye kutoka Saab, kampuni yenye makao makuu hapa Stockholm, kwa takriban dola bilioni 1.27. Ya kwanza ilipokewa 2020. Sweden wenyewe waliagiza za kwao 2022. Yaani Ghuba ndiyo iliyotangulia, na pesa zake ndizo zilizofungua njia.

Kilichonunuliwa ni nini hasa? Mgongoni mwa ndege ile pana kitu kama sanduku refu, jembamba. Hakizunguki. Ndani mna safu za antena ndogo ndogo. Nimesomesha fizikia miaka mingi sekondari ya misheni, na wanafunzi ningewaeleza hivi: chukua safu ya wapiga dufu. Wakipiga pamoja, mdundo unakwenda mbele moja kwa moja. Kila mmoja akichelewa kidogo tu baada ya mwenzake, mdundo unaelekea upande, na hakuna aliyegeuza hata shingo.

Kazi ngumu zaidi ni rada ya kupiga picha, ile inayoona usiku na kupenya mawingu, kama ya setilaiti ya Foresight-1 iliyorushwa na Falme za Kiarabu Agosti 2024 kwa kushirikiana na ICEYE ya Finland. Picha ikitakiwa iwe safi, antena itumie masafa mapana. Ikitakiwa itenganishe vizuri mitende na majengo, mawimbi yawe ya namna mbili, ya wima na ya mlalo. Na juu ya yote iwe nyembamba. Hapo ndipo penye mtihani: ukiilaza karibu mno na bati, mawimbi yanayorudi kutoka kwenye bati yanayaua yanayotoka. Ukiinyanyua, inanenepa.

Mtihani huo hundi haiutatui. Tena tukumbuke, Machi 2015 Sweden ilikataa kuendeleza mkataba wa ushirikiano wa kijeshi na Saudi Arabia. Saudia na Falme za Kiarabu wakawaita mabalozi wao nyumbani. Vipuri na programu vinafuata siasa za muuzaji, bwana.

Kwa hiyo kijana wako, wa kiume au wa kike, akisema anataka uhandisi wa umeme, usimwambie biashara ndiyo yenye pesa. Mwulize hesabu zake zikoje, na mtafutie mwalimu.