Vijana, msiikimbie 'x', itawafuata hadi kwenye ploti

Wizara ya Elimu ilipotangaza Aprili 2025 kwamba hisabati itakuwa ya lazima kwa wanafunzi wote wa sekondari pevu, hata walio nje ya mkondo wa STEM, lile swali la miaka yote lilirudi: "Hii x nitaitumia wapi maishani?" Ni swali halali. Linastahili jibu, si kejeli za mwalimu wala mzazi.

Jibu la kwanza liko kwenye ploti. Matangazo ya "50 kwa 100" yamejaa kila mahali, na wauzaji wengi huiita thumni ya ekari. Chukua kalamu. Ekari moja ni futi za mraba 43,560. Gawanya kwa nane, unapata 5,445. Sasa zidisha 50 kwa 100: ni 5,000. Futi za mraba 445 zimeenda wapi? Hapo pangetosha vyumba vinne vya futi 10 kwa 10. Hiyo ni jiometri ya shule ya msingi, na asiyeifanya analipia ardhi ambayo hajapewa.

Jibu la pili liko kwenye mjengo. Fundi hodari hapimi kona ya nyumba kwa macho. Chumba cha futi 12 kwa 16 kikiwa na kona zilizonyooka, kamba ya kutoka kona moja hadi ile ya mkabala lazima isome futi 20 kamili. Ikisoma 21, msingi umepinda. Hiyo ndiyo kanuni ya Pythagoras uliyokariri darasani ukilalamika.

La tatu ni mkopo. Tuseme pikipiki inauzwa Sh190,000 taslimu. Kwa mkopo, unatanguliza Sh30,000 kisha unalipa Sh450 kila siku kwa siku 540. Ukiambiwa "mia nne hamsini tu kwa siku" unaona ni dili. Lakini iite x idadi ya siku ambazo zingetosha kumaliza bei ya taslimu: 30,000 + 450x = 190,000. Toa 30,000 pande zote mbili, kisha gawanya kwa 450. x ni kama siku 356. Siku 184 zilizobaki, yaani takriban miezi sita ya jua na mvua barabarani, unamfanyia kazi mkopeshaji. Huenda bado ukaamua kuichukua, lakini utaichukua macho yakiwa wazi.

Ndiyo maana tuna wasiwasi na mtindo wa kupiga swali picha kwa simu na kunakili jibu. Programu hizo si adui. Zinaweza kukuonyesha ulipoteleza. Shida ni kuzitumia kabla ya kujaribu. Kwenye chumba cha mtihani wa KCSE simu hairuhusiwi, na karatasi ya hisabati hutoa alama kwa hatua, si kwa jibu pekee. Na muuzaji wa ploti hatakuletea swali likiwa limeandikwa vizuri ulipige picha. Kulitambua swali ndiyo nusu ya kazi.

Njia yenyewe si uchawi. Chora mchoro hata kama ni mbaya. Kipe jina kile usichokijua. Andika mlinganyo, na unachofanya upande huu ufanye na upande wa pili. Mwisho, rudisha jibu kwenye swali uone kama linaingia.

Walimu nao wana deni. Mwanafunzi anayefundishwa eneo la mstatili bila kupelekwa uwanjani na futikamba ataendelea kuuliza hiyo x ni ya nini. Wizara ihakikishe hisabati nyepesi iliyoahidiwa wasiochukua STEM inabeba ploti, mikopo na mishahara, isiwe tu ile ya zamani iliyopunguzwa kurasa.

Nawe kijana, kabla ya kutuma hata shilingi moja ya amana, kaa chini upige hesabu. Ni rahisi kuliko kumtafuta wakili baadaye.