Binti Mwenye Mbio

Jumapili moja baada ya Misa mama mmoja wa huku Mbeya alinijia ofisini. Nilidhani ataka cheti cha ubatizo, nikafungua kitabu. Kumbe shida yake ni mbio. Binti yake ana miaka 12, yuko darasa la sita, na katika mita 800 hakuna msichana wa tarafa amfikiaye. Mwalimu wake ataka aendelee na michezo ya shule, yaani UMITASHUMTA, na akifika sekondari aingie UMISSETA. Lakini amekuja bwana mmoja, asema atamchukua akakae kambini Iringa, azoezwe mbio ndefu za barabarani, maana huko ndiko kwenye zawadi za fedha.

“Mwalimu, nifanyeje? Baba yake amekwisha kuhesabu mabati.”

Mabati hayo nayafahamu. Mimi nilikimbizwa kilomita 21 nikiwa na miaka 13, nikashangiliwa, nikapewa sufuria. Tangu hapo goti langu la kushoto hunipasha habari za mvua kabla ya mawingu.

Mifupa ya mtoto hukua penye ncha zake, na mahali pale pangali laini. Akiipiga lami kila siku, kisigino na goti huanza kuuma, na maumivu hayo si uvivu. Kwa msichana liko na jingine: akikimbia sana na kula kidogo, hedhi huchelewa au hukatika, na mifupa hudhoofika. Wakuu wa riadha duniani wenyewe hawampokei aliye chini ya miaka 20 katika marathoni ya mashindano yao makubwa.

Tena tazameni waliofika. Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia kule Christchurch mwaka 1974 katika mita 1,500, mbio za uwanjani, kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Alphonce Simbu alishinda marathoni ya dunia kule Tokyo mwaka 2025. Yeye na Mjerumani aliyemfuata waliandikiwa muda ule ule, 2:09:48, ikabidi picha iamue. Simbu alikuwa na miaka 33. Binti huyu anayo 21 ya kungoja!

Bwana yule asifu hewa ya milimani ya Iringa. Ni kweli, lakini mji wa Mbeya nao uko mita 1,700 hivi juu ya bahari. Hewa haihitaji nauli ya basi.

Nikamwambia mama: mwulize atasoma shule gani, mwanamke gani atalala na wasichana, na fedha za zawadi atashika nani.

Jumapili iliyofuata alirudi. “Ndaga, mwalimu. Amenijibu habari ya chakula tu.”

Binti amebaki shuleni. Akimbia mara tatu kwa wiki na wenzake, siku nyingine acheza netiboli. Baba bado amenuna.